Nyama Iliyokataa Kuiva

Ng'ombe aliyeona watu wakiuana, nyama yake haiivi. Hilo niliwahi kuliamini kwa moyo wote, kama nilivyoamini Sala ya Bwana, na mtu akinibishia nilikuwa tayari kumtafunia ushahidi mbele ya macho yake. Maelezo yalikuwa hivi: ng'ombe ana macho makubwa kuliko ya mtu, kwa hiyo huona mengi kuliko mtu. Akishaona maiti nyingi, kilio kinamwingia kwenye nyama, na kilio hakina moto wa kukiivisha. Chemsha asubuhi, chemsha jioni, maliza kuni zote za Ngara, kipande kitabaki sufuriani kinakutazama. Dalili yake ni rangi. Nyama ya ng'ombe wa amani ni nyekundu. Nyama ya ng'ombe wa vita ni nyeusi, kavu, na inanata vidoleni kama sabuni iliyoachwa kwenye maji.

Nani aliyeanzisha habari hiyo sijui. Miaka ile habari zilikuwa hazina mwenyewe. Watu walikuwa wameingia kutoka ng'ambo ya mpaka wakikimbia mauaji, wengi kiasi kwamba kilima ulichokiacha kijani jioni ulikikuta asubuhi kimevaa maturubai. Miti ilikwisha. Mwanzoni walikata matawi, baadaye mashina, mwishoni nikawaona watu wakichimbua mizizi kama wanatafuta viazi. Sisi wenyeji tulikata pia, tena kwa pupa, ili wasitumalizie. Mto ulileta vitu ambavyo sitavisema hapa, na wengi wetu tuliacha kula samaki. Mtu akishaacha samaki kwa sababu ya mto, hashindwi kuogopa nyama kwa sababu ya macho ya ng'ombe.

Na mwenye nyama yenyewe alikuwa shemeji yangu.

Dada yangu alimpata kwenye foleni ya kisima, kwa namna ambayo mama hakuridhika nayo mpaka anakufa. Alikuwa Mnyarwanda mrefu, mpole, anayetembea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Huko kwao alikuwa amefanya kazi kwenye machinjio ya mji fulani, tena machinjio ya kweli, yenye sakafu ya saruji na vyuma vya kutundikia. Aliponiita, aliniita muramu, yaani shemeji, na akalitamka neno hilo taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi.

Mkimbizi alitakiwa kukaa kambini. Huyu alikaa kijijini kwetu, upande wa Mabawe, kwa neno la mwenyekiti wa kijiji tu. Mwenyekiti alipenda nyama, na bucha ya mwisho kijijini ilikuwa imefungwa zamani. Alimwambia mbele yetu sote, nikiwa nimekaa kwenye kinu:

"Utakaa kwa mkeo, utatuuzia nyama. Siku nikisikia lalamiko moja, kambi unaijua ilipo."

"Ninaijua, mzee."

"Basi tumeelewana."

Kwa hiyo ndoa ya dada yangu ilikuwa imetundikwa kwenye ndoano ya bucha, pamoja na mapaja na maini. Nyama ikisifiwa, ana mume. Nyama ikilalamikiwa, hana.

Bucha yenyewe ilikuwa kibanda cha miti na udongo, dirisha moja lenye wavu, gogo la kukatia, na ndoano alizozitengeneza mwenyewe kwa nondo. Kila jioni dada alilipara gogo kwa kisu, akalimwagia maji yaliyochemka, akalisugua kwa chumvi, akaliacha wazi likauke. Kuni zilikuwa adimu kama dhahabu, na yeye anachemshia maji gogo. Kijiji kilicheka mpaka kikaumwa mbavu.

"Gogo la kwenu linaoga kuliko mwenye nalo," jirani mmoja alimwambia.

"Mwenye nalo hakatiwi nyama mgongoni," dada alijibu.

Shemeji alikuwa akiondoka mikono mitupu, anapotea siku kadhaa, halafu anarudi na ng'ombe wawili au watatu. Alisema anawatoa Biharamulo, pande za Nyamahanga na Kaniha. Sisi tulijua kuwa hiyo ni lugha ya kuficha tu. Mkimbizi anatoa wapi ng'ombe wa Biharamulo? Tulijua wale ni wa kwao, wa pembe ndefu, waliovuka mpaka wakikanyaga damu, na kwamba amewaficha porini na anawapunguza kidogo kidogo. Mimi niliwahi kumhakikishia mtu kwamba nimeliona zizi lake porini, lenye ng'ombe wasiohesabika, wakilia kwa Kinyarwanda.

Walifika wakiwa hoi. Ulimi nje, ubavu unapanda na kushuka, kwato zimepasuka kwa mawe. Na hapo ndipo ilipoingia amri ya kijiji. Mwenyekiti alikuwa ameipitisha mkutanoni tangu mifugo ya wageni ilipoanza kukanyaga migomba na kunywa chemchemi mpaka tope: ng'ombe wa nje asilale. Akiingia kijijini, ama apite ama achinjwe, jua lisizame juu yake. Ilikuwa na maana yake, sitaidharau. Tulihofia maradhi, tulihofia maji, na migomba ilikuwa ndiyo chakula.

Nilimsindikiza shemeji siku alipokwenda kuomba. Mwenyekiti alikuwa nyuma ya nyumba yake, ananyolewa ndevu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuomba nini? Maana hujawahi kuja kunisalimia tu."

"Naomba ng'ombe wangu walale usiku mmoja kabla ya kuchinjwa. Nitawafunga nyuma ya bucha. Majani nitakata mwenyewe, maji nitachota mbali, siyo chemchemini. Nyama yao itakuwa—"

"Usiku mmoja." Mwenyekiti aligeuza shavu la pili. "Na ninyi mlisema mmekuja usiku mmoja."

Kinyozi alicheka mpaka wembe ukasimama. Nami nilicheka, maana kusema kweli ilichekesha. Shemeji alishukuru. Alishukuru kwa kichwa na kwa mikono miwili, na tukaondoka.

Hivyo ng'ombe akaingia saa tatu, saa nne yuko chini, saa tano akina mama wamejaa dirishani. Kwetu nyama inanunuliwa ikiwa bado inacheza. Paja linatundikwa na misuli inarukaruka chini ya ngozi nyembamba ile, kama inatekenywa, na mnunuzi anaelekeza kidole: nikatie hapo panaporuka. Inafungwa kwenye jani la mgomba ikiwa na joto la mwenyewe, inakwenda moja kwa moja sufuriani. Hiyo ndiyo nyama mbichi, safi, isiyo na mashaka. Shemeji alijaribu kuwabadilisha. Mara moja aliacha mguu mzima ukining'inia mpaka kesho yake, ndani ya wavu, kwenye upepo wa baridi.

"Hii mbona haichezi?" mama mmoja aliuliza.

"Imelala, mama. Nyama ikilala inalainika."

"Kwetu anayelala ni mtu. Nyama ikilala ni mzoga."

Mguu ule tuliula sisi wenyewe nyumbani, wiki nzima, baada ya dada kuukata vipande vyembamba na kuvibanika juu ya uchaga wa moshi. Ulikuwa umelainika kidogo, ila rangi ilikuwa ile ile ya usiku. Mama yangu aliutafuna akiwa ameangalia pembeni.

Sasa kuhusu ugumu wa nyama iliyouzwa siku ile ile, nisikudanganye, bali nikwambie nusu tu ya ukweli maana wote hutauamini. Kuna mzee jirani yetu alitafuna kipande Jumapili baada ya misa ya kwanza, akakimeza misa ya pili ilipokwisha. Kuna fundi viatu aliyebakiza cha kwake makusudi, na mimi nasema kuna soli zilizofika mbali miaka ile ambazo hazikutokana na mpira. Mbwa wetu alipewa kipande, akakizika, akasahau alipozika, akashukuru. Na ilikuwa nyeusi kweli. Na ukiilaza mbichi mpaka asubuhi ilianza kunuka na kuteleza kabla ya ile nyingine yoyote, jambo ambalo nalo tulilitolea sababu: maiti inaita maiti.

Uvumi ungeweza kufa wenyewe kama si ushahidi. Mara moja katekista alikuwa na dume lake lililokulia zizini, lililolala kwake, lililonywa kwake, akamwita shemeji amchinjie. Nyama ikatoka nyekundu kama kanga ya sikukuu. Iliiva kabla kuni hazijashika vizuri. Mkono ule ule, kisu kile kile, gogo lile lile. Kijiji kizima kikatikisa kichwa. Umeona? Si mchinjaji, ni ng'ombe. Yule wa katekista hakuona kitu. Hawa wameona.

Nami nilikwenda nikilisema hilo kila penye pombe ya ndizi, na nilikuwa nalisema vizuri.

Kisha ikaja sherehe ya kipaimara ya binti wa mwenyekiti. Ng'ombe wawili waliagizwa kwa shemeji. Dada alimwomba akatae.

"Mwambie huna."

"Nikisema sina, nitakuwa nafanya nini hapa?"

Aliwaleta asubuhi ya sherehe yenyewe, kwa kuwa wangeletwa jana yake wangelala. Walikuwa wamesukumwa mchana na usiku ili wawahi. Mmoja alipiga magoti mbele ya kibanda kabla hata hajafungwa kamba. Walichinjwa hapo hapo, wakaingia kwenye mapipa yanayochemka wakiwa bado wanarukaruka, juu ya kuni mbichi za kuokoteza zilizotoa moshi zaidi ya moto. Watu walikula, walitafuna, walisifu kwa adabu, walitupa chini ya meza. Pipa zima likabaki.

Jioni wanawake walikuwa wakilifunika pipa lile lililobaki. Kwa desturi wageni wa mbali hufika siku ya pili, na hawawezi kupewa ugali na maharage kama watu waliokosewa. Walilifunika kwa majani ya mgomba, juu yake magunia, juu yake blanketi, ili kiporo kikae na uvuguvugu wake mpaka kesho. Chakula chenye joto si chakula kilichoharibika. Nani asiyejua hilo? Shemeji alikuwa akiosha visu vyake. Alisimama mlangoni mwa jiko.

"Mama, naomba msiifunike ikiwa vuguvugu. Igaweni usiku huu iishe. Au itandazwe ipoe upesi, kesho mapema ichemshwe tena mpaka itokote katikati, siyo pembeni tu. Nyama kama hii haikai."

Mke wa mwenyekiti alimtazama toka miguuni kwenda juu.

"Baba, wewe jikoni kwangu umeingia lini?"

"Sijaingia, mama. Niko mlangoni."

"Basi baki huko huko."

Wakacheka. Akabaki huko huko, halafu akaondoka.

Kesho yake mchana wageni wa mbali wakapakuliwa. Jioni kijiji kilihamia migombani. Choo cha mwenyekiti kilikuwa na foleni ndefu kuliko ya kambini, na waliokuwa nyuma ya foleni hawakungoja. Ningekuchekesha sana na habari za usiku ule, maana hata waliougua walizisimulia wakicheka walipopona, lakini bibi mmoja, mama mzazi wa mwenyekiti, hakupona. Alikuwa mzee na mdogo wa mwili, na maji yalimtoka yote kabla hakijapatikana cha kumrudishia. Tulimzika. Kambini watu walikuwa wamekufa kwa kipindupindu, na kila mmoja wetu alikuwa analijua neno hilo, na sasa lilikuwa limepata mahali pa kukaa.

Mkutano uliitishwa mbele ya bucha. Shemeji alisimamishwa karibu na gogo lake, ambalo lilikuwa jeupe kwa kuparwa. Walisema ni ng'ombe wa vita. Walisema tulionywa na rangi. Mwenyekiti alikuwa na kitambaa cheusi mkononi na macho mekundu, na sikuwa na neno la kumlaumu siku ile; amefiwa na mama. Aliuliza kama mshitakiwa ana la kusema.

"Nina swali," shemeji alisema. "Waliokula siku ya kwanza tu, nani ameugua?"

Mimi nilikuwa nimekula siku ya kwanza tu. Taya ziliniuma, tumbo halikujua kitu. Nilitazama kulia na kushoto, na naona wengi walitazama vivyo hivyo, kama watu waliosikia jina likiitwa wakidhani ni la mwingine.

"Hapa wewe ndiye unayeulizwa," mwenyekiti alisema.

Mgambo walimpeleka kambini siku hiyo hiyo. Naye hakuruhusiwa kulala. Visu vyake mwenyekiti alivichukua, akasema ni ushahidi. Nilikuja kukiona kimoja miaka mingi baadaye, kile chenye mpini wa pembe, binti mkwe wake anamenyea ndizi.

Dada alikuwa mjamzito. Alibaki nyumbani, na kila Jumamosi alifunga ndizi na maharage kwenye kanga akaenda kambini kwa miguu, akarudi na kanga tupu. Mtoto alipozaliwa, wa kike, alimbeba mgongoni akampeleka akaonwe. Nilimuuliza dada shemeji alisema nini. "Alisema ana miguu mirefu," dada alijibu.

Halafu likaja tangazo kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao. Barabara ilijaa watu, magodoro, mbuzi, vichwa vyenye sufuria, ikateremka kuelekea darajani kama kilima chenyewe kinahama. Dada alikwenda akasimama kando tangu asubuhi, mtoto mgongoni, na mimi nyuma yake. Shemeji alituona kabla hatujamwona. Askari hawakutaka watu wasimame, kwa hiyo alisema akitembea, na dada akitembea sambamba naye, mimi nakimbia kimbia nyuma.

"Nikipata pa kulala nitatuma mtu."

"Mtume upesi."

"Nikipata tu."

Hakuja mtu. Kama alifika, kama hakufika, kama alifungwa, kama alipata mke mwingine mwenye kisima karibu, hatujui mpaka leo. Dada hakuolewa tena. Walimtania, walimtongoza, walimhubiria. Alilima.

Mimi katika miaka hiyo nilisoma. Darasa la jioni la watu wazima, chini ya taa ya karabai, na wenzangu wenye mvi zaidi ya mwalimu. Nikapata cheti, na sikupata mahali pa kukitundikia isipokuwa mdomoni mwangu. Nikawa mtu wa kualikwa kwenye sherehe ili nizungumze. Nina hadithi zangu zinazopendwa, na mojawapo ilikuwa hiyo ya ng'ombe wa vita. Niliipamba. Nilimpa ng'ombe machozi. Watu walilia kwa kucheka, na wachache, wenye asili ya ng'ambo, walicheka kidogo wakatazama glasi zao.

Mpwa wangu, mwenye miguu mirefu, naye akafika kipaimara. Dada alinunua ng'ombe mmoja, mbali, akaletwa mapema. Akanishika mimi, mjomba mwenye cheti, akaniambia nimkatie majani na kumchotea maji, naye akamfunga nyuma ya nyumba kwenye kivuli. Nilinung'unika njia nzima ya kisimani. Nilimwambia mnyama anayekwenda kufa kesho analipiwa hoteli ya nini. Ng'ombe alichinjwa kesho yake, baada ya kulala, na nyama ikatundikwa mpaka asubuhi nyingine ndani ya neti ya mbu, na majirani wakasema maneno yao, naye akawaacha waseme. Ilipokatwa ilikuwa nyekundu. Iliiva upesi, ikalainika mpaka vikongwe wakarudia. Iliyobaki iligawiwa jioni ile ile, kila aliyeondoka aliondoka na fungu lake, na sufuria zikaoshwa.

Nilikuwa nimekaa jikoni kwenye kigoda, nimeshiba, nimefurahi, nikaona hapo ndipo pa kuiweka hadithi yangu. Nilichukua mfupa, nikauinua juu kwa wageni waliokuwa mlangoni.

"Mnaona rangi hii? Huyu ni ng'ombe wa amani. Enzi zile za wakimbizi tulikula ng'ombe walioona vita, wale wa shemeji yangu, nyama nyeusi, haiivi mpaka—"

"Hawakuona vita," dada alisema.

Alikuwa amechutama, anamwagia gogo lile la bucha maji ya moto. Alisema bila kuinua uso.

"Wale ng'ombe walizaliwa Nyamahanga. Alikuwa akilima kwa Wasubi, wenyeji wa kule, wanamwamini, wanampa ng'ombe kwa mkopo, anawaswaga mpaka hapa kwa miguu, nyama ikishauzwa anawalipa. Hawakuwahi kuuona mpaka. Ng'ombe akichoka sana, nguvu ya kwenye nyama inakwisha. Ukimchinja hivyo hivyo nyama inakuwa nyeusi na inaoza upesi. Na ukiipika ingali inarukaruka, inakakamaa. Walikuwa wamechoka tu. Aliomba walale usiku mmoja."